Wasomaji Wanauliza: Gamba la Kobe

Barua nyingi za toleo hili zinahusu kobe wa kufugwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: gamba limebadilika, nifanye nini? Tuanze na hili. Gamba si nyumba ambayo kobe anaibeba. Ni mifupa yake mwenyewe ipatayo 60, uti wa mgongo na mbavu zikiwemo, iliyoungana ikawa kitu kimoja. Juu ya mifupa hiyo vimepangwa vigae vigumu vya dutu ileile ya kucha, na kati ya kigae na mfupa pana tabaka jembamba lililo hai, lenye damu na neva. Kobe huhisi ukimkwaruza gambani. Na kwa kuwa mfupa haubadiliki kwa siku moja, unachokiona leo gambani mara nyingi kilianza miezi mingi nyuma, kwenye maji, mwanga au chakula.

Gamba la vichuguu

*Assalaam aleikum. Nimefuga kobe aina ya sulkata hapa Seeb, Oman. Nilimchukua akiwa mdogo kama limau, sasa ana miaka miwili na kila kigae cha mgongoni kimenyanyuka kama kichuguu. Aliyeniuzia anasema ni protini nyingi. Yumo ndani muda wote kwa sababu ya joto la nje, na anakula letasi na matango. Je, vitaondoka?*

Waaleikum salaam. Vilivyokwisha kuota havitaondoka, kwa kuwa mfupa wa chini nao umefuata umbo hilo. Kinachoweza kubadilika ni ukuaji wa kuanzia leo. Ukirekebisha mazingira, pete mpya kwenye kingo za vigae zitakuja tambarare, na kobe akizidi kukua vile vichuguu vya zamani vitaonekana vidogo.

Aliyekuuzia hakukudanganya, ila amekupa habari ya zamani. Protini ililaumiwa kwa miaka mingi. Utafiti uliofanywa Vienna na kuchapishwa mwaka 2003, kwa kobe hawahawa wa sulkata, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ndio uliochangia vichuguu zaidi, na athari ya protini ilikuwa ndogo. Maelezo yanayokubaliwa na wafugaji wengi ni kwamba ukingo mpya wa kigae hutoka ukiwa laini. Hewa kavu huukausha na kuukakamaza mapema, hivyo ukuaji unaofuata unashindwa kutanuka pembeni na kigae kinainuka juu.

Kwa hiyo wa kulaumiwa kwanza nyumbani kwako ni kiyoyozi. Watu husikia kwamba sulkata ni wa Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, wakadhani anapenda ukavu. Mtoto wa sulkata huanguliwa na kutoka ardhini mvua zinapoanza, kisha hushinda chini ya majani na ndani ya mashimo, ambako hewa ina unyevu kuliko sebule yoyote yenye kiyoyozi.

Nunua kipima unyevu na ukiweke chini usawa wa kobe, si ukutani. Kwa kobe wa umri huu tafuta asilimia 70 hadi 80. Mtengenezee boksi kubwa lililofunikwa juu kwa sehemu, mwage vumbi la makumbi ya nazi la kina cha sentimita 8 hadi 10, kisha mimina maji kwenye pembe ili tabaka la chini lilowe na la juu libaki karibu kavu. Pindua beseni la plastiki, kata mlango, na ndani yake weka makumbi yenye maji zaidi; humo ndimo atakamolala. Mahali pa kuota joto pawe nyuzi 35 hadi 38 za sentigredi, na usiku pasishuke chini ya 26. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaongeza unyevu na kuacha kiyoyozi kiendelee kupuliza. Unyevu pamoja na baridi humletea ugonjwa wa mapafu, na hapo utatamani ungebaki na vichuguu.

Mwogeshe kila siku dakika 20 hadi 30 katika maji ya uvuguvugu, kina kiishie pale gamba la mgongo linapokutana na la tumbo, kichwa kikae juu ya maji bila taabu. Atakunywa na atakojoa. Ule uji mweupe unaotoka na mkojo ukiwa laini kama dawa ya meno ni kawaida. Ukiwa na chembechembe kama mchanga, amekaukiwa maji.

Letasi na matango ni maji matupu. Sulkata ni mla nyasi, kwa hiyo robo tatu au zaidi ya chakula chake iwe nyasi mbichi na nyasi kavu za kulishia farasi. Kinachobaki kiwe mpungate uliotolewa miiba, majani ya mforsadi, majani na maua ya haibiskasi. Matunda usimpe. Unga wa kalsiamu, kiasi cha kubanwa kwa ncha za vidole viwili, unyunyizwe kwenye majani mara mbili au tatu kwa wiki.

Gamba linalobonyea

*Shikamoo mhariri. Naandika kutoka Leicester. Kobe wetu aina ya Hermann ana miezi 18. Nikimbonyeza tumboni panazama kama chupa ya plastiki, na siku hizi anatembea akijiburuta. Kizimba chake kipo dirishani, jua likitoka analipata lote, na kalsiamu namwekea kila siku. Ni kawaida ya kobe mdogo?*

Marahaba. Si kawaida, na usisubiri mwisho wa mwezi. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, kesho ikiwezekana. Mtoto aliyeanguliwa karibuni gamba lake hubonyea kidogo na hukaza polepole katika mwaka wa kwanza. Kwa miezi 18 lilipaswa kuwa gumu kama ukucha wa kidole gumba. Kobe mwenye nguvu huinua tumbo anapotembea. Anayejiburuta mifupa na misuli yake imekwisha kuishiwa kalsiamu. Dalili nyingine za ugonjwa huu ni taya laini, kingo za gamba zilizojikunja kuelekea juu, na miguu inayotetemeka.

Kosa lipo kwenye dirisha. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu miale yote ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, na ni miale hiyo inayoiwezesha ngozi ya kobe kutengeneza vitamini D3. Bila D3, kalsiamu unayomwekea inapita tumboni na kutoka nyuma. Ungeweza kummwagia pakiti nzima na gamba lingebaki hivyohivyo.

Daktari atapiga eksirei aone unene wa mfupa, huenda atapima damu, na ataamua dozi ya kalsiamu. Wakati huo msimpe matone ya vitamini D ya watu. D3 ikizidi hukaa mwilini na kusababisha kalsiamu kuganda kwenye figo na mishipa ya damu, na huko hairudi. Mbebeni kwa kiganja chini ya tumbo, vidole visibane ubavuni, na ondoeni mawe na vipandio vyote kizimbani ili asianguke.

Kuhusu taa, nunueni taa ndefu ya mrija ya UVB aina ya T5, inayofunika walau nusu ya urefu wa kizimba. Nyingi huning'inizwa sentimita 30 hadi 45 juu ya mgongo wa kobe, lakini fuateni karatasi ya mtengenezaji kwa sababu nguvu zinatofautiana. Taa isipitie kwenye kioo wala plastiki. Hata wavu wenye matundu madogo hupunguza miale sana. Ubavuni mwake iwepo taa ya joto itakayofanya sehemu ya kuotea ifike nyuzi 32 hadi 35, kwa kuwa kobe mwenye mwili baridi hawezi kuitumia vizuri miale hiyo wala chakula. Ziwake saa 12 kwa siku. Mrija wa T5 ubadilishwe kila baada ya miezi 12 hata kama bado unawaka, maana UVB hupungua kabla mwanga wa kuonekana haujapungua. Aina za zamani huchoka ndani ya miezi 6. Kiangazi kikifika, mtoeni bustanini siku za jua, penye kivuli cha kukimbilia. Na msimlaze usingizi wa baridi mwaka huu mpaka daktari aridhie.

Mafuta na rangi

*Mimi ni wa Ng'ambo, Unguja. Kobe wa marehemu babu tunampaka mafuta ya nazi kila Ijumaa ang'are. Sasa mdogo wangu anataka kumwandika namba kwa rangi kama walivyo wale wa kisiwa cha Changuu. Kuna ubaya?*

Mafuta yanafurahisha macho yenu tu. Tone moja linalofutwa kwa kitambaa halitamdhuru, ila kila wiki ni mengi mno: yananasa vumbi na mavi, yanajaa kwenye maungio ya vigae, na uchafu ule wenye mafuta unakuwa maskani ya ukungu na bakteria. Tena gamba linalong'arishwa kila mara humficha mgonjwa. Baka jeupe hulioni mpaka limekuwa kubwa. Gamba likionekana kavu, mwogesheni na mumsugue kwa mswaki laini. Inatosha.

Kobe wa Changuu ni wa Aldabra, wakubwa wa kupindukia. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 200. Tarakimu ndogo kwenye kigae kimoja cha mnyama wa ukubwa huo si sawa na kumpaka rangi kobe wa kiganjani. Rangi ikifunika maungio inaufunika ukingo unaokua, vimiminika vyake vina sumu, na vipande vikibanduka huliwa. Rangi ya kucha ni hivyohivyo. Ikiwa mnataka kumtambua, mpigeni picha ya gamba la tumbo, kwa kuwa michoro ya kobe mmoja haifanani kabisa na ya mwenzake.

Na kwa kuwa tumefika hapo: msimtoboe tundu kwenye ukingo wa gamba ili kupitisha kamba. Huko ni kutoboa mfupa ulio hai.

Mabaka yanayonuka

*Nipo Mbagala, Dar es Salaam. Nina kibali cha kufuga kobe wawili. Baada ya masika mmoja ametoka mabaka meupe gamba la tumbo, yananuka kama samaki aliyechina, na kigae kimoja kinacheza. Jirani anasema anajivua kama nyoka.*

Jirani amemchanganya na kobe wa madimbwini. Hao wa majini hubandua vigae vyao vyembamba kila wanapokua. Kobe wa nchi kavu habandui. Vigae vyake huongezeka unene na upana tu. Kigae kinachocheza, pamoja na harufu hiyo, maana yake gamba linaoza.

Tusiwatishe wengine, si kila weupe ni kuoza. Mstari mwembamba wa rangi ya maziwa kati ya kigae na kigae ni ukuaji mpya, na ni habari njema. Utando mweupe unaotoka ukisugua kwa kitambaa chenye maji ni chumvi ya maji ya kisima. Baka kavu kama chokaa, linalochunika juujuu na halina harufu, mara nyingi ni ukungu wa juu na hutibika. La kuogopa ni baka laini, linalonuka, lenye majimaji chini ya kigae au tishu ya waridi inayoonekana. Zaidi ya yote, gamba la tumbo likiwa na wekundu uliotawanyika chini ya vigae na kobe kalegea hataki kula, bakteria wamekwisha kuingia kwenye damu. Huyo anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Wako ni wa daktari pia. Atakwangua kilichokufa, na huenda atamchoma sindano za antibaotiki kwa siku kadhaa. Wakati unafanya mpango wa kumpeleka, mtenge na mwenzake, mweke mahali pakavu palipotandikwa magazeti yanayobadilishwa kila siku. Msugue taratibu kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu. Chukua povidoni ayodini ya asilimia 10 ya duka la dawa, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Lowesha baka kwa dakika 10, suuza, kausha kwa kitambaa safi. Fanya hivyo mara mbili kwa siku.

Usikibandue kigae kinachocheza wala usichokonoe kwa kisu. Usiweke mafuta mazito ya kuziba, kwa sababu baadhi ya bakteria wa gamba linalooza hustawi pasipo hewa. Spiriti na dawa za kusafishia sakafu zisimguse. Maji ya kunywa yawepo kwenye kisahani, lakini kuoga kwa kuloweka kusimame mpaka daktari aseme.

Mabaka makavu ya juujuu unaweza kuyatibu nyumbani kwa njia hiyohiyo. Siku 7 zikipita bila nafuu, nenda kwa daktari.

Sasa turudi bandani, la sivyo mwezi wa pili utaandika tena. Hukutueleza sakafu yake, lakini tukisikia masika na gamba la tumbo tunaona saruji iliyotuama maji. Saruji hukwaruza tumbo kama msasa, mkojo na mavi hukaa humo humo, na mikwaruzo inakuwa mlango. Sakafu iwe na mteremko wa kutoa maji, juu yake udongo mchanganyiko na mchanga, na mahali pa kulala painuliwe kiasi cha tofali moja pakae pakavu mvua ikinyesha siku nzima. Sugua banda kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji 30, suuza na uache likauke juani kabla ya kuwarudisha. Na kagua kupe. Hujibana kwenye maungio ya gamba na makwapani mwa miguu, na kila kupe huacha kidonda. Mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kuzungusha.

Ameng'atwa na mbwa

*Nairobi. Mbwa wa jirani amemtafuna kobe ukingoni mwa gamba, kuna ufa na damu kidogo. Anakula kama kawaida. Tuligandishe kwa gundi?*

Hapana. Gundi itafungia ndani uchafu wa mdomo wa mbwa, na huo ndio utakaomuua. Kula kwake kusikupe moyo, kobe huendelea kula akiwa na jeraha kubwa.

Bonyeza kwa shashi safi mpaka damu isimame. Changanya kijiko 1 cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, suuza ufa kwa kumwagia taratibu. Ikiwa ufa uko mgongoni na unaona ndani, usimwagie hata tone, kwa sababu mapafu yamelala papo hapo chini ya gamba la mgongo na maji yataingia huko. Futa tu pembeni. Funika kwa shashi iliyoloweshwa maji hayo ya chumvi na kukamuliwa, funga bandeji, mweke ndani ya boksi ili nzi wasitage mayai kwenye kidonda, na mpeleke leo. Vipande vilivyobanduka vichukueni. Daktari anaweza kuviunganisha kwa waya na skrubu. Mfupa wa kobe hupona, ila kwa mwendo wake: hesabu miezi 6 mpaka zaidi ya mwaka.

Pete za gamba ni miaka?

*Mwanangu amehesabu pete 23. Ana miaka 23?*

La. Pete hutokea kila ukuaji unapokwenda kasi kisha ukasimama. Kobe anayelishwa vizuri anaweza kupata kadhaa kwa mwaka, na mzee pete zake hulika zikawa laini.

Nitajuaje mapema?

*Kobe wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Nikague nini na kila lini?*

Mara moja kwa mwezi, tarehe ileile, kabla hajala. Mpime kwa mizani ya jikoni na uandike gramu. Pima urefu wa gamba kwa mstari ulionyooka, si kwa kufuata mgongo. Piga picha mbili, mgongo na tumbo, mahali pamoja na mwanga mmoja. Jicho la kila siku halioni mabadiliko, picha za miezi 6 zikiwekwa pamoja zinasema. Bonyeza gamba la tumbo kwa kidole gumba. Pitisha kidole kwenye maungio yote. Kisha mnuse. Kobe mzima ananukia udongo na nyasi, na pua mara nyingi hugundua kuoza kabla ya jicho.

Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, kiumbe wa baharini wa jamii ya ngisi, unaookotwa ufukweni usiutupe. Uloweke siku mbili kwenye maji baridi kutoa chumvi, ukaushe, umwachie bandani aukwangue mwenyewe: atapata kalsiamu na kuunoa mdomo. Mchicha na spinachi visiwe vya kila siku, vina oksaleti nyingi zinazoikamata kalsiamu. Ugali, mkate, wali na chakula cha mbwa visiwe vya siku yoyote.

Kobe bapa wa majabalini

*Nimeona kobe kwenye mwanya wa mwamba huku Kitui. Yuko bapa kama chapati na gamba lake linabonyea. Nimchukue nikamtibu?*

Haumwi. Ndivyo alivyoumbwa. Kobe huyu wa Kenya na Tanzania ana mifupa myembamba ya gamba yenye nafasi wazi katikati yake, kwa hiyo hubonyea maisha yake yote. Ulaini huo na ubapa wake ndivyo vinavyomwezesha kujibana kwenye mianya ambamo adui hawezi kumfikia. Taa wala kalsiamu havitamfanya awe mgumu.

Pia sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kumchukua bila kibali, na tangu 2019 yumo katika orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, orodha inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Jike hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mara moja, kwa hiyo kila anayeondolewa huchukua muda mrefu kufidiwa. Usimvute, maana atajikaza kwa miguu na unaweza kumvunja, wala usibanjue jiwe ili umwone vizuri: mwanya uliovunjwa hautamfaa tena yeye wala mwingine.